Begi Lililotumwa Likiwa Safi

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. Hapana, nimekosea hapo. Kumi na tisa ni mwaka mchwa walipokula begi la zamani, na watu huchanganya mambo haya mawili kwa sababu begi la zamani na begi jipya yalikuwa na jina moja na mnyama mmoja mgongoni. Habari hii ni ya lile jipya. Na lile jipya lilikatika mkanda mwaka wa ishirini na mbili, mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kinaelekea mwisho na hewa ya Kolwezi imekuwa nyekundu kama unga wa matofali. Basi ni ishirini na mbili. Twende na huo.

Mbayo Polycarpe alikuwa mbeba udongo. Si kazi ambayo mtoto ataitaja shuleni akiulizwa anataka kuwa nani, lakini ni kazi. Kabla mgodi haujawa mgodi ni pori tu, na kabla mashine hazijafika, wanapita kwanza watu wanne kwa mstari mmoja. Wa kwanza anakata njia kwa panga. Wa pili anatazama chombo chake na kusema, hapa. Wa tatu anachimba shimo la kufika kiwiko na kutoa konzi ya udongo wa kupimwa madini, anautia katika kafuko ka kitambaa kenye namba. Wa nne anapokea kale kafuko, anakaweka katika begi la mgongoni, na wote wanaendelea hatua mia nyingine. Jioni yule wa nne ana tufuko arobaini mgongoni, na udongo, mwenye kuujua anaujua, ni mzito kuliko mtoto anayelala.

Polycarpe alikuwa wa nne kwa miaka ishirini na sita. Alitembea toka Kolwezi mpaka Nzilo na ng'ambo yake, akatembea upande wa Mutoshi wakati bado kuna miti, akaenda mpaka karibu na Dilolo ambako alimwacha binti yake wa kwanza, Shekina, kwa mume. Bega lake la kushoto lilikuwa na ganzi ya siku nyingi. Ungeweza kumgusa hapo na kalamu asijue. Sheria ya mbeba udongo ni moja: tufuko tusichanganyike na tusilowe. Udongo uliochanganyika hauna baba wala mama, alikuwa akisema, hakuna anayejua ulitoka wapi, na kazi ya watu wanne ya kutwa nzima inakuwa matope.

Begi la zamani alipewa na Ingénieur Ruffin, injinia aliyeiongoza timu wakati ule, mwaka wa tisini na sita. Ruffin alikuwa amerudi kutoka masomoni, nchi za theluji huko, na alileta mabegi mawili ya wapanda milima, moja lake, moja la mtu atakayembebea vizuri. Mgongoni lilikuwa na picha ya mbuzi wa milimani amesimama juu ya jiwe, na kwa hiyo kila mtu aliliita Mbuzi. Ndani kulishonwa kibandiko cha Kifaransa: garantie à vie, dhamana ya maisha. Ruffin alimweleza kwamba wenye Mbuzi wanaahidi, likiharibika, hata baada ya miaka mingapi, ulirudishe kwao, watalitengeneza. Polycarpe aliitika kwa adabu. Ahadi alikuwa ameshasikia nyingi.

Lakini mwaka wa elfu mbili na nne zipu ilikufa, na Ruffin alikuwa anasafiri, akalichukua. Miezi minne ikapita. Begi likarudi. Zipu mpya, tena nene kuliko ya kwanza. Ndani ya mfuko wa juu kulikuwa na kifungo cha akiba, na kipande cha chokoleti, na kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono. Ruffin alimsomea: Limetembea sana hili, asante kwa kulitunza. Chini yake jina la mwanamke, na kamlima kamechorwa kwa kalamu ya bluu.

Angèle, mke wake, aliigeuza ile kadi mara mbili tatu. Chokoleti aliikata vipande nane, kila mtoto kipande, na viwili vya jirani. Kadi aliiweka katika kitabu cha nyimbo.

"Bale batu," alisema, "balifundishwa kwabo."

Alikuwa na maana yake. Kwetu chombo cha mtu hakirudi bure. Jirani akikuletea samaki katika sahani, sahani unaiosha, unaikausha, na siku ya kuirudisha unaweka kitu juu yake, nyanya mbili, kiganja cha unga, chochote. Ukirudisha sahani tupu, au chafu, hakuna atakayekugombeza, lakini mama wa nyumba ataipokea kwa mkono mmoja. Sasa hawa watu wa mbali, wasiowajua hata kwa sura, walikuwa wamerudisha begi likiwa limetengenezwa na kitu ndani. Tangu siku ile, katika nyumba ya Polycarpe, wenye Mbuzi walikuwa watu wa kuheshimiwa. Watoto walipofanya ubaya Angèle aliwaambia, mukitumwa kwa benye Mbuzi mutatupatisha haya.

Miaka ishirini na mitatu begi lile lilibeba. Likaliwa na mchwa, kitako chote, kipindi cha mvua, kwa kosa la kuachwa sakafuni wakati wa kilio cha kaka yake. Hilo ni jambo la kumi na tisa, nimekwisha kulisema.

Mwaka wa ishirini na mbili kazi ilichukuliwa na kampuni ndogo mpya, na mkuu wa timu akawa Hénock, kijana wa kusoma, mpole, anayependa orodha. Hénock aliwaita wabebaji wanne akawaambia kwamba wateja sasa wanataka kila kifaa kionekane kwenye fiche, karatasi yenye picha: viatu hivi, kofia hii, begi hili. Kampuni itanunua mara moja. Baada ya hapo kila mtu anachunga kifaa chake, na kikiharibika, mwenyewe atafute kingine kama kile cha kwenye picha, la sivyo atakaa nyumbani. Akauliza wanunue mabegi gani. Wengine walitaja yale ya Kasumbalesa, ya soko la mpakani. Polycarpe, ambaye katika mikutano huwa anatazama vidole vyake, alisema.

"Chef, kamata Mbuzi. Mi nilibeba moya miaka makumi mbili na tatu."

Neno lake likakubaliwa. Mabegi manne ya Mbuzi yalinunuliwa kwa Samy, mwenye duka la viatu vya kazi na taa za kichwani karibu na soko kuu.

Yalikuwa mazuri kwa macho. Rangi ya machungwa, mifuko mingi, vikamba vidogo ambavyo hakuna aliyejua kazi yake, na kwenye kifungo cha kifuani filimbi ndogo. Philippe, mbebaji wa timu ya pili, alipiga ile filimbi siku nzima mpaka wakamwomba aache. Polycarpe alilivaa lake. Akapitisha kidole kwenye kitambaa, na kidole kikamwambia kitu: kilikuwa chembamba, kama ngozi ya samaki mdogo. Akatazama mishono ya mkanda, akaona uzi mmoja ambako zamani kulikuwa na mitatu. Akalifunga kifuani hivyo hivyo. Alikuwa ameshasema mbele ya watu.

Mwezi wa tisa, kazi ikiwa na miezi minne, walikuwa wanavuka kijito kaskazini ya Nzilo. Maji ya magoti tu. Polycarpe alikuwa katikati wakati mkanda wa kushoto ulipotoka. Hakusikia bega, kwa ile ganzi. Alisikia tu dunia inavutwa upande wa kulia. Akapiga goti. Mdomo wa begi ukafunguka na tufuko tukaingia majini kamoja kamoja, bila haraka, kama kuku wanaotoka bandani. Walituokota karibu tote. Lakini wino ulikuwa umeondoka na namba zake, na udongo ulikuwa uji.

Hénock hakufoka. Alikaa juu ya jiwe akavua kofia.

"Tata Polycarpe," alisema, kama mtoto amwitavyo baba, "ni weye ulisema Mbuzi."

"Ni mi."

Walirudia mstari ule kwa siku mbili. Siku ya mwisho, wakifunga kambi, Hénock alimweleza taratibu kwamba mvua inakuja na kazi inasimama mpaka mwezi wa tano. Mwezi wa tano fiche itaandikwa upya. Akiwa na begi kama la kwenye picha, nafasi yake iko. Akikosa, ataweka mungine, si kwa ubaya. Polycarpe alisema amesikia. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na mbebaji wa miaka hamsini na nane akishatoka kwenye mstari, harudishwi.

Hofu hakuwa nayo. Watu wengi hawaelewi hilo. Begi limekatika, ndiyo, lakini ni Mbuzi, na wenye Mbuzi alikuwa anawajua.

Alikwenda kwa Samy. Samy ni mtu wa tumbo na huruma, aliyezaliwa Kolwezi hapahapa, na alimkalisha kwenye sanduku la viatu. Akamweleza kwamba siku hizi mambo yanapita kwenye simu. Kuna fomu, inataka kujua begi lilitumika kwa shughuli gani, na inakupa yenyewe majibu ya kuchagua: matembezi, milima, baiskeli, kambi ya familia. Samy alimtazama Polycarpe, akachagua matembezi. Polycarpe aliona ni jibu la haki. Halafu begi lenyewe litakwenda kwenye bohari yao ya Afrika ya Kusini. Kuna dereva wa lori anayemfahamu, anaondoka Ijumaa. Alete begi Alhamisi.

"Ulilete tu vile liko, tata," Samy alisema.

Hayo maneno aliyasema. Polycarpe mwenyewe hakatai kwamba yalisemwa.

Alipofika nyumbani akamwambia Angèle, na Angèle alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini akaenda kulitazama begi pale lilipotundikwa. Lilikuwa jekundu kwa udongo, lina harufu ya kijito, mkanda unaning'inia.

"Hivi?" alisema.

"Samy anasema vile liko."

"Samy ni mufanya biashara. Tata Shekina, mugonjwa mwenyewe akipelekwa hospitali anaogeshwa."

Polycarpe alifikiri kidogo. Hakuona pa kumpinga. Alikumbuka mwaka wa elfu mbili na nne Ruffin alilichukua begi haraka haraka, na vumbi lake, na yeye Polycarpe aliona haya usiku mzima kwa kule kwenda kwake chafu. Na wale watu, pamoja na uchafu ule, walirudisha na chokoleti. Safari hii angalau wasione kwamba mtu wao ni mchafu.

Kwa hiyo Jumanne Angèle alilifua. Mabeseni matatu, na la tatu bado lilitoka rangi ya kutu. Lilianikwa kambani pamoja na mashuka, mbuzi kichwa chini, na majirani waliopita waliuliza kama Polycarpe anasafiri.

Jumatano akalipeleka kwa Ngoy. Ngoy ni fundi wa nguo karibu na parokia, ana cherehani ya miguu ya marehemu baba yake, na hana dogo: mtu akimletea suruali anamwambia mbele ya wateja wengine kwamba amenenepa. Alivuta ule uzi uliobaki kwenye mkanda ukakatika kwa kucha mbili.

"Hii njo Mbuzi ulituchosha nayo miaka yote?" aliuliza. "Na huu uzi mi nashonea chemise ya mutoto mwenye hajaanza kutambaa."

Polycarpe alimwomba aushikize kidogo tu, lisiende limepasuka kama la mtu asiyetunza. Lakini Ngoy hajui kidogo. Alitoa uzi wa viatu, akaupitisha kwenye mshumaa, akashona mistari mitatu kama ya zamani, halafu juu yake akarudisha kile kitambaa cha machungwa kwa mkono, sindano nyembamba, mpaka mahali pa kupasuka pakapotea. Alifurahi nalo. Aliwaita wateja wawili akawaambia watafute palipokatika, na hawakupaona.

Alhamisi asubuhi Angèle alitoa debe la karanga. Zilikuwa za shamba lake la karibu na Mutoshi, na alikuwa amekwisha kuzichagua, kubwa upande huu, ndogo upande ule. Alikaanga zile kubwa na chumvi, akaziacha zipoe, akazifunga katika kipande cha kitambaa kipya cha kikwembe kwa fundo la masikio mawili. Akafungua mfuko wa juu wa begi, palepale kadi ilipokuwa zamani, akazitia humo, akafunga zipu.

"Bo balirudisha yetu na kitu," alisema. "Sisi turudishe bure?"

Samy alikuwa na wateja saa ile, wachimbaji watatu wanaojaribu taa za kichwani mchana kweupe. Alilipokea begi lililokunjwa katika katoni, akalifunga gundi ya karatasi, akaandika namba. Hakulifungua. Polycarpe hakuona sababu ya kumwambia aliyoyafanya. Mtu hatangazi kwamba ameosha sahani.

Mvua zikaja. Kila wiki, siku ya soko, Polycarpe alipita kwa Samy akaketi kwenye sanduku la viatu, na Samy alitazama simu. Mwanzo kulikuwa na ujumbe mmoja: asante, faili lako lina namba hii. Baada ya Noeli ukaja wa pili: tunathamini uvumilivu wako. Polycarpe aliufurahia huo. Alimsimulia Angèle kwamba wamemshukuru kwa uvumilivu. Mwezi wa pili wakauliza picha ya pale palipopasuka, na Samy akamtazama.

"Begi iko kwabo, mi nitapiga picha ya nini?" akasema peke yake, na akawajibu hivyo, kwa maneno mazuri zaidi.

Jibu la mwisho lilifika mwezi wa tatu. Samy alilisoma moyoni kwanza, midomo ikitembea. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ilibidi amsogelee Polycarpe ili amtafsirie. Hakuna kasoro ya kiwanda iliyoonekana. Bidhaa imeshonwa na mtu asiyeidhinishwa, na hivyo garantie imeondoka. Ndani ya bidhaa kumekutwa chakula, na kwa sababu za usafi bidhaa imeharibiwa. Kwa moyo mwema wanampa namba ya punguzo, akinunua jipya kwenye mtandao wao. Samy alijaribu palepale. Katika orodha ya nchi wanakopeleka, yetu haikuwemo.

"Tata," Samy alisema, "mulilishona?"

"Ngoy alilishona."

"Juu ya nini?"

"Lilikuwa limepasuka."

Samy alisugua kioo cha simu kwenye shati. Aliuliza na chakula kilikuwa chakula gani, na Polycarpe akamwambia. Mteja aliingia akauliza bei ya buti akatoka.

Baadaye Samy alimpeleka nyuma ya duka, ambako hapeleki wateja. Kulikuwa na mabegi saba ya Mbuzi yamelala, mikanda imetoka, zipu zimefungua midomo, na hema moja lililovuja siku ya kwanza. Yote yalirudishwa kwake na watu, na yeye ana haya kuwatazama. Alimweleza alivyosikia kwa muuzaji mkubwa wa Lubumbashi: kwamba wenye Mbuzi wa zamani walikwisha kuuza jina, na walionunua wana majina mengine mengi, viatu, hema, makoti. Ile karakana ya akina mama wa kushona ilifungwa. Hakuna mtu tena huko anayelishika begi mkononi akasema limetembea. Ni mashine inayosoma fomu.

Polycarpe aliuliza kuhusu kile kibandiko, maana garantie à vie bado imeshonwa ndani, herufi zilezile.

"Ni vie ya begi, tata. Na ni bo banasema siku gani begi imekufa."

Aliitika. Akatoka nje na mvua haikuwa imekatika, akatembea nayo mpaka nyumbani bila kukimbia. Angèle alimuuliza kama wamejibu, akasema ndiyo wamejibu. Alitaka kuona ana hasira kiasi gani, akajitafuta ndani, akakuta ni kama lile bega. Unabonyeza, hakuna anayejibu.

Ngoy ndiye aliyeona aibu kuliko wote. Wiki ya Pasaka alitokea na begi alilolishona mwenyewe kwa turubai la lori, mishono mitatu, mikanda ya ngozi, mdomo wa kamba, kitako mara mbili. Halikuwa na picha ya mnyama yeyote. Alilitupa juu ya meza.

"Beba nyumba yako mwenyewe ukitaka," akasema, akaondoka kabla ya kushukuriwa.

Mwezi wa tano Polycarpe alilivaa akaenda nalo kwenye ofisi ya kampuni. Hénock alilichunguza ndani na nje. Akalivuta mikanda kwa nguvu zake zote, na ni kijana mwenye nguvu. Akatoa ile karatasi yenye picha akailaza pembeni yake.

"Ili liko nguvu kupita letu, minaona," alisema. "Lakini ku fiche haliko."

Alikuwa na huzuni ya kweli, Hénock, na kwa huzuni hiyo alimtafutia kiti. Ndiyo kazi ya Polycarpe tangu mwezi ule: sentinelle, mlinzi wa bohari ambamo tufuko twa udongo tunaletwa kutoka porini. Anafungua mlango wa chuma, anafunga mlango wa chuma. Wa nne wa timu sasa ni mtu mwingine. Tufuko tukifika, Polycarpe anatuhesabu kwa macho, na mara nyingine akipokea kamoja anajua kwa uzito, bila kusoma namba, kwamba mkono uliochimba haukufika kiwiko. Hamwambii mtu. Si kazi ya mwenye kiti.

Mwezi wa saba begi la Philippe nalo likakatika, mkanda uleule wa kushoto. Philippe alilipeleka kwa Samy vile lilivyo: tope, jasho, nzi, mkanda umening'inia, na ndani ganda la yai la kuchemsha. Baada ya wiki tano alipata jipya. Alikuja nalo mpaka kwenye kiti cha Polycarpe kumwonyesha, akapiga ile filimbi.

"Tata, siri ni kutoogesha," alisema. "Batu ba Mbuzi banapenda bintu bichafu."

Polycarpe alicheka, kwa sababu Philippe ni mtu wa kuchekesha na hakuwa na nia mbaya. Jipya la Philippe lilikatika mwezi wa kumi. La turubai mpaka leo Angèle anabebea makaa, na halijatoa hata uzi.

Kuna jambo moja ambalo sikulisema mahali pake. Zile karanga zilikuwa za mwisho. Angèle alikuwa amebakiza ndogo kwa mbegu, akingoja mvua za kupanda, na kabla mvua hazijakaa vizuri uzio wa mgodi ulipita kwenye lile shamba la Mutoshi, nguzo moja katikati ya matuta. Alipewa karatasi, kama wengine. Mbegu zile ndogo walizila mwezi wa kwanza na ndizi. Kwa hiyo kubwa zote, zile zilizochaguliwa moja moja, zilikuwa katika kikwembe ndani ya begi, njiani kwenda kwa wenye Mbuzi.

Angèle hakulaumu. Lakini tangu Polycarpe alipomweleza lile jibu, kila kipande, alikuwa akirudi kwenye neno moja tu. Begi waliliharibu, sawa, ni lao. Alikuwa anataka kujua kuhusu kile kifundo cha karanga. Polycarpe alimwambia Samy, na Samy, ambaye angeweza kucheka, aliitafuta ile fomu tena, akakuta chini kabisa kasanduku kadogo kameandikwa maoni mengine, akauliza kwa Kifaransa kizuri. Jibu lilikuja palepale, kabla hajaweka simu mezani: faili namba fulani limefungwa. Polycarpe alimuuliza dereva wa lori, dereva alishusha katoni tu. Alimuuliza Hénock, aliyewahi kufika Afrika ya Kusini kwa mafunzo, na Hénock alitazama orodha yake.

Hata mimi aliniuliza, siku niliyopita pale bohari nikapumzika kwenye kivuli cha mlango. Hakuuliza kwa uchungu. Alikuwa ameshika funguo, anatazama upande wa barabara ya Nzilo, kama mtu anayeuliza saa.

"Zile karanga za mama Shekina," alisema, "kuna mutu hata moya alizionja?"